Namna ya Kushukuru Baada ya Matanga: Mwongozo kwa Wafiwa wa Bamburi

Mama ameshazikwa. Majamvi yamekunjwa, viti vya plastiki vimehesabiwa na kurudishwa kwa mwenyewe, viwili havionekani, na ndugu wote mmeketi barazani mkimalizia kahawa iliyobaki kwenye dele. Hapo mmoja wenu, mara nyingi yule aliyesoma kuliko wenzake, atatoa simu na kusema kwamba imebaki kazi ndogo tu: kuandika shukrani. Mpokonyeni simu hiyo.

Anachotaka kuandika mwakijua. Atasema familia ya marehemu inawashukuru ndugu, jamaa, marafiki na majirani kwa kuwa nayo katika kipindi hiki kigumu, na kwa kuwa haiwezekani kumshukuru kila mtu peke yake, basi ujumbe huu uwe shukrani kwa wote. Kila asomaye magazeti ya Kenya ameyaona maneno hayo kwenye kurasa za vifo, chini ya picha ya mama wa watu aliyepambwa siku ya harusi ya mwanawe. Wenye uwezo hulipia sehemu kubwa ya ukurasa. Wasio nao huyabandika WhatsApp. Ujumbe huwafikia watu mia nne kwa mpigo mmoja, na ndugu hulala wakiamini wamemaliza.

Haiwezekani vipi? Watu hao mia nne hawakuja kwa mpigo mmoja. Walikuja mmoja mmoja, kila mtu kwa miguu yake na nauli yake. Yule aliyetoka Likoni alingoja feri, akashuka mjini, akapanda matatu nyingine, akakwama Daraja la Nyali, akakwama tena Bombolulu, na alipofika Bamburi Mtambo alivua viatu mlangoni pako akasema “Makiwa” kabla hata ya kuomba maji. Huyo mtu anaweza kushukuriwa peke yake. Ana jina, na ana mlango.

Mwongozo huu una utani ndani yake, na utani msibani si utovu wa adabu. Kwa Wamijikenda, na kwa makabila mengi ya Tanzania, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumchekesha mfiwa. Huigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huzuia kazi isiendelee mpaka apewe chochote, husema wazi yale ambayo wengine wanayameza. Mfiwa hucheka huku machozi yakimtoka na hakuna anayemlaumu. Basi nipeni cheo hicho cha mtani kwa kurasa hizi chache. Nitawatania, na kila nitakalowaambia nalimaanisha.

Anzeni na wanawake waliomwosha mama. Msianze na mheshimiwa aliyekuja na magari mawili akakaa robo saa. Yeye alishashukuriwa pale pale na kipaza sauti, mara tatu. Wanawake walioingia chumbani na ndoo za maji, majani ya mkunazi na kafuri hawakutajwa na mtu, na wenyewe hawakutaka kutajwa. Walifunga mlango. Walimgeuza mama kwa mikono ya upole kama angali anahisi, wakamsitiri kila walipommwagia maji, wakamvisha sanda zake tano, wakampaka manukato. Waliona vidonda vya mgongoni alivyovipata kwa kulala muda mrefu. Waliona jinsi alivyokonda. Walitoka mle ndani wakiwa wamefunga vinywa, na mpaka leo hakuna jirani anayejua waliyoyaona. Mkiwa hamjawahi kutunziwa siri, hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote mtakazowahi kutunziwa.

Sasa msiwafuate na bahasha. Bahasha inayosukumwa mlangoni, huku mtoaji akiangalia saa, inamfanya mwenye kupokea aonekane kibarua. Nendeni baada ya alasiri, wakati moto wa jikoni haujawashwa. Ingieni ndani, kaeni. Kubalini chai hata kama haina maziwa. Mtazungumza habari za mama, na mtashangaa: hao ndio wanaojua alikuwa nani kabla hajawa mama yenu. Kisha mkabidhini kila mmoja leso katika leso za mama mwenyewe, zile nzuri, za Idi, si zile zilizochakaa mlizokuwa mnatafuta pa kuzitupa. Binti mkubwa atazizuia. Mwacheni achague moja yake, nyingine zitoke.

Kutoka hapo nendeni kwa vijana waliochimba kaburi. Hapa pana jambo ambalo mgeni wa Bamburi halijui. Ardhi yetu ni matumbawe ya kale, jiwe gumu linaloanza chini kidogo tu ya nyasi. Jiwe hilo ndilo lililomleta Felix Mandl hapa akaanzisha kampuni ya saruji mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Kiwanda kinalichimba kwa mitambo mikubwa. Vijana wetu wanalichimba kwa sululu na mtaimbo, jua la saa nne likiwapiga, wakipokezana, kwa sababu maiti ya Kiislamu haicheleweshwi na imamu ameshasema mama ataswaliwa adhuhuri. Wanashuka mpaka kimo, wanachonga mwanandani upande wa kibla, wanatafuta viunza, na wakimaliza ndio hao hao wanaoingia ndani kumpokea.

Vijana hao ni nani? Tazameni vizuri. Ni wale wa maskani ya kona, ambao wiki moja kabla kaka yenu mkubwa aliwafukuza barazani akiwaita wahuni. Sehemu za Kisauni zimechafuliwa jina na makundi ya vijana wenye mapanga, na hofu hiyo ina sababu zake. Lakini tumefika mahali ambapo kijana yeyote aliyeketi kwenye jiwe na kofia kichwani anahesabiwa mwizi mpaka siku ya kuchimba kaburi. Siku hiyo anaitwa “mwanangu”. Baada ya maziko anarudi kuwa mhuni.

Kwa hiyo shukrani ya kaka mkubwa ni hii, na hailipwi kwa pesa: apite kona ile kesho asubuhi, asimame, awaamkue kwa majina. Kama majina hayajui, ajifunze. Ajue nani ni mtoto wa nani, nani alifika kidato cha nne akakosa karo, nani anaendesha bodaboda ya mtu. Akipita kesho kutwa awaamkue tena. Soda na mikate mliyowapelekea makaburini ilikuwa chakula cha mchana tu.

Sasa jikoni, na hapa nitakaa kidogo, maana jikoni ndiko wafiwa wengi wanakoharibu.

Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliwaagiza watu wake wawapikie jamaa za Jaafar, kwa kuwa wamepatwa na jambo la kuwashughulisha. Mafundisho yako wazi: jirani humpikia mfiwa. Sisi tumeligeuza. Mfiwa hununua gunia la mchele, hutafuta mbuzi, hukopa, na siku ya tatu mtaa mzima unakula pilau kwake huku mwenyewe hajui hata kama ameonja kitu. Masheikh wamelisema jambo hili misikitini mara nyingi, na kila mara waumini huitikia kwa vichwa, kisha huuliza khitma ni saa ngapi.

Hata hivyo agizo lile halijafa kabisa Bamburi. Linaishi kwa wanawake wa kikundi cha kufa na kuzikana. Ndio waliokuja na masufuria yao makubwa juu ya mkokoteni, sahani zao zenye alama ya rangi nyekundu chini, upawa wao, kisu chao cha vitunguu. Walifika kabla ya alfajiri ya siku ya pili wakiwa na mahamri na mbaazi kutoka majumbani mwao ili ninyi mpate kitu tumboni. Walikaa motoni mpaka usiku, moshi wa kuni ukiwaumiza macho, na mtu aliyewaona akilia nao hakujua kipi ni kilio na kipi ni moshi. Mle jikoni mlikuwa na Mgiriama wa Utange, Mkamba anayeuza sukumawiki, mama wa Kijaluo ambaye mumewe alistaafu kazi ya saruji, na mama mmoja wa Kibajuni asiyekubali mtu mwingine atie chumvi. Kiwanda na mahoteli ya ufuoni ndiyo yaliyowaleta wengi wao hapa. Lakini hakuna mwajiri aliyewafundisha kupika pamoja.

Sasa mnataka kuwashukuru, na najua wazo litakalowajia. Mtasema: tufanye karamu ya shukrani! Tuwaalike wote waliotusaidia, tupike biriani, tusome dua, tuwape heshima yao. Wazo zuri. Nani atapika?

Mnaona? Mtawapigia simu wanawake wale wale, waje na masufuria yale yale, wakate vitunguu kilo kumi na tano, wakae motoni tangu alfajiri, ili saa saba mchana wapate kushukuriwa kwa kipaza sauti wakiwa nyuma ya nyumba, wasisikie hata neno moja. Nimeiona karamu ya namna hiyo, na si mara moja. Walioshukuriwa walikula mwisho, ukoko.

Mkitaka kufanya karamu, pikeni ninyi. Nasema ninyi, pamoja na wanaume. Ami aliyetoa hotuba ndefu atolewe machozi na vitunguu. Mjomba wa Changamwe aoshe mchele, na akiuosha vibaya auoshe tena. Wanawake wa kikundi wakaribishwe ukumbini, wakae kwenye majamvi, waletewe maji ya kunawa, wawekewe sinia za kwanza zenye nyama nzuri. Biriani litakuwa bovu. Watalila na watalisifu, na mama wa Kibajuni atainuka kuja kuangalia chumvi, mrudisheni akakae.

Yale masufuria nayo yarudisheni yalikotoka yakiwa safi. Sugueni mpaka chini, kwa mchanga na majivu kama ikibidi. Wala lisirudi sufuria tupu. Sahani ya futari hairudi kwa jirani tupu mwezi wa Ramadhani, na sufuria la matanga lina haki zaidi: tieni ndani yake mchele, sukari, majani ya chai, au hata nazi tatu za shambani. Kitu kidogo kilichotiwa kwa kukumbuka kinajulikana.

Kuhusu pesa, semeni kidogo na hesabuni vizuri. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mkono wa rambirambi umeweza kufika kutoka popote, na tunashukuru. Lakini ujumbe wa simu unataja jina la mwenye laini, na mwenye laini si lazima awe mtoaji. Shilingi mia tano zilizokuja kwa jina la mwanamume msiyemjua zilitoka kwa mkewe, aliyesoma na mama Kurani chuoni wakiwa wasichana. Elfu mbili zilizotoka kwa wakala zilitumwa na binti wa jirani anayefanya kazi za nyumbani Jeddah, ambaye aliomba ruhusa ya kupiga simu kwanza. Shilingi hamsini ni za muuza mbaazi. Pigeni kila namba. Ulizeni kwa upole: “Ahsante, tumepokea, nani tumtaje kwenye dua?” Mtajua mambo ambayo orodha haikuyajua.

Orodha yenyewe mnaijua ilivyokuwa. Kikundi cha WhatsApp kilichoundwa kwa jina la mama. Kila aliyechanga ananakili orodha, anaongeza jina lake chini, anaituma upya. Saa tano usiku mtu mmoja akanakili orodha ya zamani, akaongeza lake, na watu sita wakafutika duniani. Mmoja wao alikuwa fundi wa viatu aliyetoa mapato yake ya siku. Hakulalamika. Mweka hazina, kazi yako ya shukrani ni kukaa na ujumbe wote wa simu, wa kwanza mpaka wa mwisho, uwarudishe hao sita. Halafu toa hesabu kwenye kikundi hicho hicho: sanda kiasi gani, gari kiasi gani, mchele kiasi gani, kilichobaki kiko wapi. Watu wakiona senti zao zilivyomhudumia mama, wameshukuriwa. Ila msisome majina kwa kufuata ukubwa wa mchango. Anayesoma kutoka elfu hamsini kushuka chini huwa amechoka anapofika kwa muuza mbaazi, na huishia na “na wengineo”.

Majirani Wakristo wanahitaji aya yao. Walifunga maduka. Wanaume walisimama nje ya msikiti wakati wa swala, mikono mbele, kimya, kisha wakashika jeneza zamu yao ilipofika. Wanawake walijifunga leso kichwani bila kuambiwa. Mkiwashukuru kwa kusema “hata wao walikuja”, mtakuwa mmewatenga na mtaa ambao ni wao pia. Shukrani yao inakuja siku msiba ukiwa kwao. Mama wa yule jirani Mjaluo akifariki, atasafirishwa kwenda kuzikwa Siaya, zaidi ya kilomita 800, na wengi wenu hamtaweza kwenda. Lakini mikutano ya jioni ya kupanga safari itakuwa hapa hapa Bamburi, siku baada ya siku, na kila jioni mtaona viti vitupu. Kaeni kwenye viti hivyo. Siku mwili unapotolewa mochari kuanza safari, fikeni mapema, muwe pale basi linapoondoka.

Msihesabu wasiokuja. Hili nalisema bila utani hata kidogo. Najua daftari la siri liko kichwani mwa kila mfiwa: fulani hakuonekana, fulani alituma salamu tu. Mwaka 2020, kaunti ya Mombasa ilipofungwa kwa sababu ya korona mwezi wa Aprili na mazishi yakawekewa watu wasiozidi 15, tulijifunza maana ya mtu kutokuja huku moyo wake ukiwa kwenye jamvi lako. Walikuwako watoto waliozuiwa Nairobi wakati mama zao wanashushwa kaburini huku. Walikuwako majirani waliosimama milangoni mwao, wakainua mikono kuomba dua gari likipita, kwa sababu kukaribia kulikatazwa. Nani atawaandika hao kuwa hawakuja? Ukikutana sokoni Kongowea na mtu ambaye hukumwona matangani, mpe salamu wewe kwanza, umwambie mama alikuwa akimtaja. Mara nyingi utakuwa unasema kweli, na huenda yeye amekuwa akikukwepa kwa aibu miezi mitatu.

Alipofariki mama yetu, kazi hii ya kwenda nyumba kwa nyumba tulikuwa tumeipanga iishe kabla ya arubaini. Haikuisha. Kila mlango ulitutaja mlango mwingine: “Mmeshafika kwa Bi huyu? Ndiye aliyekesha na mama yenu usiku ule ninyi mko hospitali kutafuta dawa.” Hatukujua. Kulikuwa na mzee wa mtaa aliyezunguka na karatasi tangu asubuhi mpaka kibali cha kuzika kikapatikana. Kulikuwa na kijana wa tuktuk aliyebeba wazee makaburini na kurudi, akakataa nauli, akaondoka bila kula. Kulikuwa na watoto wa madrasa waliogawiwa juzuu thelathini wakazisoma zote, na mdogo kabisa akalala juu ya juzuu yake, akaamka akaimalizia. Huyo tulimpelekea mandazi. Alituuliza kama anatakiwa kusoma tena.

Kwa hiyo tengeni muda mrefu. Gawaneni: dada achukue Kiembeni, kaka achukue Mtambo na kona yake, mdogo aende Mshomoroni, na yule aliyesoma arudishiwe simu apige za ng'ambo. Nendeni mkiwa wawili wawili, kwa sababu mkiwa peke yenu mtalia njiani. Mkiambiwa “msijisumbue, wanangu, mama yenu alikuwa mwenzetu”, msiondoke. Kaeni.

Na siku chache baadaye, usiku, simu italia: mtu amewatia kwenye kikundi kipya chenye jina la mama mwingine wa mtaa. Msiandike “poleni sana” mkarudi kulala. Kaka atafute sululu ilipo. Dada atie kisu cha vitunguu mkobani. Mkichanga, nakilini orodha ya mwisho.